Nafasi ya Arobaini na Moja

Wiki mbili tu, Novemba ya tisini na nne,
tulikuwa wa arobaini na moja Ubelgiji.
Nyuma yetu, wimbo wa tangazo la sabuni.
Wiki ya tatu sabuni ikatupita.

Studio ilikuwa juu ya gereji ya Fausto, pembeni mwa Brescia,
kuta zimezibwa kwa magodoro na trei za mayai,
na kila lori lilipopita chini
tulinyamaza, tukangoja, tukaanza upya.
Besi ilikuwa na noti nne.
Ya tano ni kidole cha Fausto kilichoteleza,
tukaiacha hapo hapo, maana ndiyo iliyotutikisa mabega.
Nami nilikuwa na mafua.
Sikiliza vizuri ubeti wa pili:
ile kwikwi ambayo gazeti moja la Ghent
lililiita kilio cha usiku wa mjini
ni pua iliyoziba.

Maneno aliyaandika Fausto kwa Kiingereza cha kuokoteza kwenye kamusi.
Kuna mstari unaosema, bila haya,
nipe moyo wa friji.
Hakuna aliyetuuliza.
Jumamosi usiku, watu elfu, mikono juu,
jasho linawatiririka hadi viunoni,
wote wanaomba moyo wa friji,
na naapa hapakuwa na mwongo hata mmoja kati yao.

Nililipwa lira laki tatu, taslimu,
ndani ya bahasha ya duka la dawa.
Nikatia sahihi bila kusoma.
Nikanunua koti.

Kisha ikaja video,
na kwa video wakamleta Kirsten kutoka Aarhus,
mrefu, mkimya, nywele zimelazwa kwa jeli.
Akafungua kinywa, nikatoka mimi.
Mama alikuwa anapiga pasi mbele ya televisheni.
Akainua kichwa, akatazama mpaka mwisho,
shati linaanza kunuka moto:
"Wanda, msichana huyu amekuibia mafua."

Nilitaka kumchukia. Nilijiandaa kabisa.
Tukakutana mara moja, Riccione, nyuma ya disko,
penye makreti ya chupa tupu.
Alikuwa amevua kiatu, anahesabu malengelenge.
Akaniambia: samahani, hata sijui maneno yana maana gani.
Nikamwambia: wala mimi.
Tukavuta sigara moja kwa zamu,
na ndani, kupitia ukuta,
tukajisikia sote wawili tukishangiliwa.

Wimbo wa pili ulidoda.
Wa tatu haukuzaliwa.
Gereji sasa inauza matairi
na Fausto sijui aliko; aliondoka na kinanda
na deni la umeme.

Mwaka juzi Kirsten alinitumia kadi.
Bado wanamwita, anasema, kwenye meli za starehe za Ufini,
usiku wa kukumbuka miaka ya tisini,
na siku hizi wanataka aimbe kweli.
"Nawaambia koo linaniuma.
Ni koo lako nalisingizia."

Mimi nauza skrubu Lumezzane,
kwa kilo, na kwa moja moja kwa wazee
wanaokuja na ile iliyovunjika mkononi.
Septemba hii yalikuja magari ya kugongana,
yakapangwa kwenye uwanja wa shule.
Nikapanda na Noemi, mtoto wa dada yangu, miaka saba.
Spika ikakohoa, halafu noti nne,
halafu ile ya tano.

Mashine yao inakimbiza kidogo, sauti imepanda,
nasikika kama mdogo wangu ambaye sikuwahi kuwa naye.
Kijana wa tiketi anaimba, macho yamefumba,
ana meno mawili ya dhahabu, anajua kila neno:
moyo wa friji, moyo wa friji.

"Nani huyo?" Noemi akauliza.
Mwanamke mmoja mwenye mafua, nikasema.
"Bado hajapona?"

Gari likatugonga kwa nyuma
kabla sijajibu.